Kumbukumbu ya Asiyekuwepo

Osia Simbeye alikiri kosa kabla wakili wake hajavuta kiti.

"Ni mimi, mama," alisema. "Usijisumbue tena. Ghala nimelichoma mimi."

Wakili Subilaga Mwasomola alibaki amesimama, mkoba begani. Asubuhi ile alikuwa ameshatetea watu watatu, na wote watatu walikuwa wamehukumiwa kabla ya saa nne. Miguu ilimuuma. Alikuwa amekuja mahabusu akiwa na maswali manne tu kwenye karatasi, na sasa hata hayo hayakuwa na kazi. Akakaa.

"Juma lililopita uliniambia Jumapili ya moto ulishinda kwako umelala."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijaona. Sasa nimeona."

"Umeona nini?"

Osia alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mbeba magunia, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alikuwa amefukuzwa kazi katika ghala la mahindi la Lwanji mwezi mmoja kabla halijaungua, na kila mtu sokoni alikuwa amemsikia akitukana siku aliyofukuzwa. Ndani ya moto ule alifia mlinzi, mzee Laban Nzowa. Hayo ndiyo yaliyomfikisha Osia kwenye chumba kile.

"Nimeona mlango wa chuma," alisema. "Nimeona dumu jekundu mkononi mwangu. Nikamwaga. Nikawasha. Mikono ni yangu, mama. Nimesikia hata mzee anakohoa mle ndani, na mimi nikaondoka." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa najiona mtu mzuri. Kumbe."

"Wamekusoma mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. "Kumi na sita. Siku tano."

"Na mara ya kwanza uliona nini?"

"Mara ya kwanza?" Alikunja paji la uso kama mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. "Sikumbuki. Nadhani kitanda changu."

Subilaga alikunja karatasi yake ya maswali, akairudisha mkobani.

*

Kioo, mtambo wa kusoma kumbukumbu za watu, kilipoletwa Lwanji miaka saba kabla ya hapo, watu wa nyanda zile za juu walishangilia, na Subilaga alishangilia pamoja nao. Alikuwa amechoka kusimama mbele ya hakimu mwaka baada ya mwaka akisikia kwamba upelelezi haujakamilika. Aliwahi kumtetea mtu aliyekaa mahabusu miaka sita kwa kesi ya ng'ombe, akatoka akakuta mkewe kaolewa na watoto hawamjui. Mashahidi walinunuliwa. Majalada yalipotea. Mtambo ulipokuja ukasema hutahitaji tena kumwamini shahidi, wala polisi, wala karani, ulionekana kama huruma.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mtu anavalishwa kofia ya nyaya laini, kisha anaulizwa swali. Atake asitake, akili yake inakwenda kutafuta jibu, na mtambo unaifuata kule inakokwenda, ukichora kwenye kioo kikubwa cha ukutani kile inachokiona. Picha ya kwanza huwa hafifu, kama kitu kilichoangaliwa kwenye maji ya matope. Sheria ilitaka wangavu wa tisini kwa mia. Basi fundi anauliza tena, na tena, kila mara picha ikizidi kusafika, mpaka inafika. Picha zote za kabla ya hapo ziliitwa rasimu, nazo zilifutwa ili mahakama isichanganyikiwe.

Kesi za mauaji zilizokuwa zikila miaka mitano sasa zilikwisha kwa nusu saa. Wakili wa utetezi bado alitakiwa awepo, kwa sababu sheria mama ilisema hivyo, na pia ilisema kwamba mshtakiwa ana haki ya kupinga kila ushahidi unaoletwa dhidi yake. Mstari ule haukuwa umefutwa. Hakuna aliyekuwa akiutumia tu. Utapinga nini, wakati mteja wako mwenyewe amekaa kizimbani analia kwa yale aliyoyaona?

Subilaga alimkuta fundi wa Kioo, Ndele Mwampamba, nyuma ya jengo la mahakama, amekaa kwenye ngazi anakula mahindi ya kuchemsha. Walijuana tangu mtambo ulipofungwa. Akakaa ngazi ya chini yake.

"Simbeye," alisema. "Msomo wake wa kwanza ulionyesha nini?"

"Dada, rasimu zimefutwa."

"Sikuulizi mtambo. Nakuuliza wewe, ulikuwepo."

Ndele alitafuna taratibu. "Neti ya mbu," alisema mwishoni. "Neti, na dirisha, na miguu ya mtu aliyelala. Msomo wa pili hivyo hivyo. Nadhani kwenye wa sita ndipo mlango ulipoanza kuonekana."

"Mlango aliambiwa na nani?"

"Na swali." Aliligeuza gunzi mkononi. "Mimi maswali siandiki. Yanaletwa kutoka upelelezi yameshaandikwa, na natakiwa nisome neno kwa neno. Unaposoma jambo moja mara kumi kwa mtu ambaye hajalala vizuri, akili yake inaanza kulitengenezea mahali pa kukaa. Sisi mafundi tunalijua. Hakuna anayelisema."

"Na mtu ambaye hakuwepo kabisa Lwanji siku ile, ukimsoma kwa maswali hayo hayo, ataona nini?"

"Usiniulize hilo."

"Nimeshakuuliza, Ndele."

Alisubiri karani mmoja aliyekuwa akipita aingie ndani. "Ataona mlango," alisema. "Ataona dumu. Atakuwa na picha hiyo maisha yake yote, kwa sababu Kioo kinajua kuweka, kutoa hakijui. Hakuna kufuta kichwani. Ndiyo maana nakwambia usiniulize, kwa sababu nimekuona unavyoniangalia."

*

Usiku ule hakufanya kitu, na siku iliyofuata hakufanya kitu. Alikwenda kazini, akasimama kando ya wateja wengine, akasema "hatuna pingamizi, Mheshimiwa" mara tano. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alishamzika mume, na aliyebaki ni mama yake, aliyeishi naye, akimhitaji kila asubuhi kwa dawa za macho. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili timamu hajitwishi mauaji ya mtu mwingine. Tena mteja mwenyewe ameshakiri. Wakili anaruhusiwa wapi kumtetea mtu asiyetaka kutetewa?

Swali hilo lilimsumbua kuliko hofu. Akarudi nalo mahabusu, akaliweka mbele ya Osia kama lilivyokuwa, bila kulipamba, pamoja na nia yake ya kusomwa yeye mwenyewe.

Osia alimsikiliza hadi mwisho. "Na kama ni mimi kweli, mama?" aliuliza. "Utakuwa umejiharibu kwa ajili ya muuaji."

"Inawezekana ni wewe. Sijui. Ila na wewe hujui, mwanangu. Kilichomo kichwani mwako kimewekwa juu ya kilichokuwepo, na cha chini hatukioni tena."

"Basi waache wanifunge. Mimi nimechoka. Nikifumba macho namsikia yule mzee."

"Kama ulifanya, wathibitishe kwa njia ambayo isingenifunga na mimi pia," Subilaga alisema. "Hilo tu ndilo ninaloomba. Lakini bila ruhusa yako siwezi. Wewe ndiye mwenye kesi."

Osia aliangalia mikono yake juu ya meza, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, kana kwamba ni ya mtu aliyeisahau pale.

"Mama yangu anajua kwamba nimekiri?"

"Anajua."

"Alisema nini?"

"Alisema siku ile alikupitishia uji saa nane, akakukuta umelala. Nikaupeleka ushahidi wake. Karani akaniambia wakati kuna Kioo mahakama haisikilizi ndugu."

Osia akasema, kwa sauti ile ndogo, "Haya, mama. Pinga."

*

Jaji Kilimba alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na alilipokea ombi lile kwa uso wa mtu aliyeongezewa mzigo akikaribia nyumbani. Alilisoma mara mbili.

"Wakili Mwasomola, unaomba usomwe wewe? Kwa maswali yale yale, idadi ile ile?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na ninaomba rasimu zisifutwe. Sheria inampa mteja wangu haki ya kupinga kila ushahidi. Sina njia nyingine ya kuupinga huu."

"Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Iringa, hospitali. Mama yangu alikuwa amelazwa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Cheti cha hospitali kimo kwenye jalada, pamoja na kauli ya muuguzi na tiketi zangu za basi."

Wakili wa serikali, Bwana Chaula, alisimama. Alikuwa mtu mwerevu mwenye adabu, na hakuwa mbaya. Alisema hiki ni kiini macho, na kwamba kinaidhalilisha mahakama. Jaji alimsikiliza, kisha akamgeukia Subilaga.

"Unajua kwamba kitakachoingia hakitatoka?"

"Nimeambiwa."

"Na bado unaomba."

"Mheshimiwa, mteja wangu hakuulizwa kama anataka."

Jaji alivua miwani, akayasugua macho. "Nimeruhusu," alisema.

Ilichukua siku tano, kama vile Osia alivyochukua siku tano. Chumba cha mahakama kilijaa, kisha siku ya pili kikapungua, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama zaidi ya mwanamke wa makamo mwenye kofia ya nyaya na fundi anayesoma karatasi. Ndele alisoma bila kuinua macho.

"Jumapili ile, saa tisa alasiri, ulikuwa kwenye ghala la mahindi. Mlango wa chuma uko mbele yako. Mkononi una dumu jekundu. Unafanya nini?"

Mara ya kwanza Kioo kilionyesha benchi la hospitali, na mwanamke mzee mwenye jicho lililofungwa bandeji akimenya ndizi kwa kupapasa. Watu walicheka kidogo. Subilaga naye nusura acheke.

Mara ya nne alikereka. Mara ya saba alijikuta akijiuliza kama dumu lile lilikuwa zito. Hakutaka kujiuliza, ila swali lilikuwa limeshapita, na kwenye Kioo, pembeni ya benchi, pakatokea kitu chekundu kisicho na umbo. Hakuna aliyecheka tena. Usiku alilala vibaya, kama Osia alivyolala vibaya, na asubuhi Ndele akasoma maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Mara ya kumi alisikia harufu ya petroli. Mara ya kumi na mbili aliona ndala zake mwenyewe, zile za kijani za nyumbani, zimekanyaga punje za mahindi zilizomwagika mlangoni. Ghala lile alikuwa hajawahi kulikanyaga. Benchi la Iringa lilikuwa bado lipo, lakini lilikuwa limefifia, na jicho la mama yake alilikumbuka sasa kama jambo alilosimuliwa.

Mara ya kumi na sita Kioo kiliandika wangavu wa tisini na tatu. Picha haikuwa na doa. Mkono wa mwanamke, wenye saa ya kamba nyeusi, ulimwaga petroli chini ya mlango wa chuma, ukawasha kiberiti. Ndani mtu akakohoa mara mbili. Ndala za kijani zikageuka, zikaondoka bila haraka.

Ndele alimvua kofia. Subilaga alijikuta analia, na hakuwa anaigiza. Alikuwa akilia kwa sababu alimwacha mzee wa watu mle ndani.

Bwana Chaula alisimama. "Mheshimiwa, wakili ni mtu msomi. Alikuwa na nia. Amejitungia picha hii."

"Bwana Chaula," Jaji Kilimba alisema polepole, "kwa miaka saba umesimama hapo ukiniambia kwamba mbele ya Kioo hakuna binadamu anayeweza kutunga. Leo unaniambia anaweza. Chagua moja, niandike."

Bwana Chaula akakaa.

*

Uamuzi ulisomwa Ijumaa. Ulikuwa mfupi, na jaji aliusoma kwa sauti kavu. Msomo wa Kioo uliopatikana kwa kurudia swali lenye jibu ndani yake si ushahidi. Kukiri kunakotokana na msomo wa aina hiyo si kukiri. Upande wa mashtaka haukuwa na shahidi mwingine, wala kielelezo kingine, kwa kuwa haukutafuta. Mshtakiwa aachiwe. Serikali ikitaka kumshtaki tena iko huru, ila ije na ushahidi unaoweza kuhojiwa.

Kisha jaji akaongeza jambo ambalo halikuwa limechapwa kwenye karatasi yake. "Nimewafunga watu mia nne na kumi kwa mtambo huu," alisema. "Sijui wangapi walifanya. Majalada yao yaletwe mbele ya majaji wengine." Akainuka kabla karani hajawaambia watu wainuke.

Mama yake Osia alipiga kelele ya furaha, akamrukia mwanawe shingoni. Osia alisimama kama gogo. Askari alikuwa amemfungua pingu, lakini bado alishikilia mikono yake pamoja mbele ya tumbo.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Subilaga alimwambia.

"Niende nikakae na nani, mama? Bado naona."

Kulikuwa na maneno ya kawaida, ambayo mawakili huyasema kwa wateja walioshinda, lakini yote yalikuwa ya watu wengine. "Na mimi naona," alisema. "Kila siku saa kumi nitakuwa ofisini. Ukizidiwa, njoo tukae."

Osia alitikisa kichwa kukubali. Mama yake akamshika mkono, akamtoa nje kama anavyotolewa mgonjwa.

*

Mjane wa Laban Nzowa alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na mlango wa kutokea. Subilaga alikuwa amemwona kila siku ya kesi, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge kichakavu cha bluu, akikaa safu ya nyuma na kuondoka bila kusema na mtu. Sasa alikuwa akimsubiri yeye.

"Shikamoo, mama," Subilaga alisema.

"Marahaba, wakili. Nataka uniambie. Ni yule kijana, au si yeye?"

"Sijui, mama."

"Umehangaika kote huko, na hujui?"

"Sijui. Na wao hawajui. Walikuwa wanajifanya wanajua."

Mama Nzowa aliangalia sakafu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyetembea mbali akafika kituoni na kukuta basi limeondoka. "Basi mume wangu amekufa bure," alisema.

Subilaga alitaka kumjibu kwamba hapana, kwamba sheria sasa, kwamba wengine mia nne. Lakini alimwona mbele yake mke wa mtu aliyemsikia akikohoa nyuma ya mlango, na mkono wake ukakumbuka uzito wa dumu, na sheria yote aliyoisomea haikuweza kuusahaulisha. Akapiga magoti pale ukumbini, mbele ya askari na makarani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe."

"Umenikosea nini wewe?"

Mama Nzowa alimtazama kwa mshangao, kisha taratibu akaelewa, kwa sababu alikuwa ameiona ile picha ukutani kama wote walivyoiona. Akamshika mabega kwa mikono yake migumu, akamwinua, akamketisha kando yake kwenye benchi. Walikaa hivyo kitambo, bega kwa bega, watu wakipita na kuwakwepa.

"Wewe hukuwepo," mama Nzowa alisema hatimaye. "Hata kama unaona, hukuwepo. Mimi nilizungumza na mume wangu kwa simu siku ile."

Subilaga aligeuza kichwa. "Siku ya moto?"

"Saa nane na nusu. Alikuwa ananiambia swichi ya ukutani inanuka kuungua. Nikamwambia toka nje. Akasema atatokaje, Jumapili tajiri mwenye ghala anamfungia kwa nje ili asiibe mahindi, funguo anaondoka nazo." Alilisema lile neno la kuiba bila uchungu, kama mtu aliyelizoea. "Akasema atampigia. Sijui kama alimpata."

"Mama, haya uliwaambia polisi?"

"Nilikwenda siku mbili baada ya maziko. Wakaniambia nirudi nyumbani nikapumzike, kwamba wameshampata mtu na Kioo kitasema." Alikaza kitenge kiunoni. "Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka leo."

Ukumbi ulikuwa umebaki na watu wachache. Kichwa cha Subilaga kilimgonga, na hakuna kiungo mwilini mwake ambacho hakikutaka kwenda kulala. Ndani yake ndala za kijani zilikuwa bado zinaondoka bila haraka, na alijua zitaendelea kuondoka hivyo kesho na mwakani. Alifungua mkoba, akatoa kalamu, akatafuta upande mweupe wa karatasi iliyokwisha kuandikwa, akaiweka juu ya goti.

"Nakuomba uanze mwanzo, mama," alisema. "Asubuhi ile alipoamka. Sema kwa maneno yako mwenyewe. Mimi nitanyamaza."

Mama Nzowa alisafisha koo, akaanza.